Barua ya Mama Leonce na Milango Miwili ya Osmund

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya Songea, ukuta mmoja na duka la intaneti ambalo Osmund alilifungua soko huria lilipotuletea mpaka madishi. Asubuhi hiyo ya masika kahawa ilitupoea mikononi. Ndani ya duka, Mama Leonce alikuwa amemwandikia mwanawe aliye masomoni India kwamba baba yake ametoka salama kwenye upasuaji hospitali ya Peramiho. Kijana alikuwa ameambiwa ajiandae kwa msiba, na sasa anasubiri kwenye kompyuta huko huko. Barua haiondoki. Osmund akatutokea nje anavuja jasho, na baridi yote ile.

– Nina ruta mbili, visanduku vya kupitishia intaneti, akatuambia. Moja imeshika laini ya simu, nyingine dishi la paani. Kompyuta zangu zinajuana zenyewe tu humu ndani. Cha kwenda nje zinakabidhi ruta moja niliyozitajia. Nilizitajia ya simu, na laini imekatika.

– Si zipitie dishi! akadakia Skania, dereva mstaafu wa malori.

– Haziulizi, mzee. Mlango niliozitajia ni huo huo, hata ukifungwa.

– Duh! Akili yote ile, hazichungulii hata dirishani?

Bashiru wa Tunduru, tunayemwita Korosho, akaweka kikombe chini.

– India iko mashariki. Korosho zetu zinapita Masasi, Mtwara, melini, zimefika. Itajie mlango wa mashariki!

– Masika hii? Skania akaruka. Hata barua ya hewani itazama kwenye tope la Namasakata!

– Basi dishi. Lakini limetazama juu. Malaika wataisoma kwanza.

– Waisome! Si ndio walishatandika mkeka kumpokea baba Leonce?

Tulicheka. Tukamfuata Osmund ndani. Kwenye kompyuta akafuta namba ya ruta ya simu, akaandika ya dishi, akabonyeza. Barua ikaondoka. Sote tukatazama paa.

– Subhanallah, akanong'ona Korosho. Imepita hapa juu yetu?

Mama Leonce hakutazama juu.

– Osmund mwanangu, wewe umeitajia mlango wa kutokea. Jibu la Leonce nani atalitajia pa kuingilia?

Osmund akainamia kompyuta. Hata hajabonyeza kitu, jibu likaingia, na Mama Leonce akalisoma kwa sauti, machozi yanamtoka:

– "Mama, nalia kwa furaha. Mpe baba shikamoo yangu."

– Marahaba, mwanangu, akaitikia Skania kwa niaba ya mgonjwa, macho yake kwenye paa.