Meza Isiyotaka Kitambaa

Ndiyo, tunaaga kwa heshima, lakini kisa cha kitambaa nacho lazima kisemwe. Baada ya miaka ishirini na mitatu katika kituo chetu cha muziki hapa Nakawa, Mama Kahambu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 12 Juni, na hapa kwetu haagi mtu bila kuchekwa kidogo.

Alianza kwa kufagia ukumbi na kukaza ngozi za ngoma. Kisha ikaja ile meza: kioo kinachong'aa, kamera chini yake, na vibao vidogo vya kuweka juu. Ukiweka kibao, sauti inatoka. Ukikizungusha, inapanda au inashuka. Ukikisogeza karibu na kingine, mstari wa mwanga unaviunganisha na sauti zinachanganyika. Ajabu iliyoje! Sisi sote tuliiogopa. Mama Kahambu aliionea huruma. Meza ikae uchi mbele ya wageni? Akaitandikia kitambaa cheupe cha maua alichokifuma mwenyewe, kama sebuleni kwake Kyebando. Kamera ikadhani kila ua ni kibao, na meza ikapiga mayowe hadi mlinzi akaja mbio.

Badala ya kuona haya, akataka kujua. Ua moja lingeliaje? Na mawili? Akafuma moja moja, akajaribu, akacheka. Hadi leo watoto wanaotutembelea huanza kujifunza kwa maua yake.

Sheria yake ilikuwa moja: meza haichezwi na mtu mmoja. Ndipo aliponiweka mkabala na Maftah, fundi wetu wa umeme, aliyesukuma vibao kama bodaboda kwenye foleni. Mama akamkemea: "Wee kijana, ngojea mwenzako!" Akangoja. Mwanga ukaunganisha kibao chake na changu, na Aprili hii tumeoana!

Alipoulizwa zawadi ya kuagwa, hakutaja mbuzi wala blanketi. Aliomba meza ile kuukuu, iliyokuwa ivunjwe vipuri kwa kuwa mpya inakuja. Tangu mumewe afariki, alisema, nyumbani hakuna wa kupokezana naye sauti. Mkurugenzi, Bwana Faizal, aliomba muda wa kufikiri, nasi tukakosa raha wiki nzima. Jana alikubali.

Asante, Mama, kwa kutufundisha kungojana. Mapumziko yako yawe na afya, wageni na nyimbo. Maftah anambadilishia taa mgonjwa wako, ile meza kuukuu, na kabla ya mwezi huu kuisha tutabisha hodi Kyebando tukiwa tumeibeba. Tuandalie nafasi sebuleni. Vitambaa, tafadhali, viache kwenye makochi.