Bata Mmoja wa Kinyozi

Benchi letu liko kati ya kibanda cha kinyozi na cha fundi cherehani, na mguu wake mmoja umeegemezwa kwa tofali. Hapo ndipo tunapokunywa kahawa na kutatua matatizo ya watu wengine. Jana tatizo lilikuwa la kwetu. Kinyozi alikuwa amempakata bata mdogo mweupe, hata kiatu ninachoshona mimi kinamzidi ukubwa. Alimnunulia binti yake siku chache kabla hajaenda shule ya bweni. Bata alikuwa hajagusa chakula kwa siku mbili, na binti alikuwa anarudi likizo fupi kesho yake. Mimi bata huyo nampenda, sifichi.

Wa kwanza kutoa uamuzi alikuwa Waziri, fundi baiskeli ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote.

WAZIRI: Ni hofu hiyo. Unanyoa watu mbele yake kutwa nzima, anadhani zamu yake inakuja.

CHEREHANI: Acha utani wewe! Tatizo ni beseni. Bata anataka bwawa.

KINYOZI: Beseni analiogelea vizuri tu. Maji nabadilisha asubuhi na jioni.

WAZIRI: Basi mfungulie redio. Bata wanapenda sana taarifa ya habari.

KINYOZI: Redio yangu haizimwi, si unaisikia?

WAZIRI: Ndiyo hiyo sasa! Kwa habari za siku hizi, hata mimi chakula hakipiti.

Tulicheka. Kinyozi hakucheka.

MIMI: Alianza lini kunyong'onyea?

KINYOZI: Tangu mtoto aondoke. Alikuwa anamfuata mpaka mlango wa choo. Sasa ananifuata mimi, na mimi nina wateja. Nikimfungia nyuma, analia. Juzi nilimfokea, jamani. Akanyamaza moja kwa moja.

Hapo hata Waziri alijishughulisha na kikombe chake. Ndipo akaja mama mmoja, mgeni mtaani, kuchukua gauni lake kwa Cherehani. Alimwona bata, akachutama.

MAMA: Mwenzake yuko wapi?

KINYOZI: Mwenzake yupi?

MAMA: Hawa hawafugwi mmoja mmoja, kaka yangu. Ulimchukua peke yake?

Kinyozi alimvuta bata karibu na kifua.

KINYOZI: Walikuwa wawili kwenye tenga, wamelaliana. Mwingine wa kahawia, ana kovu mdomoni. Nikasema huyu mweupe ndiye atampendeza mtoto. Muuzaji akaniambia niwachukue wote, nikaona ananifanyia biashara tu. Yule wa kahawia alilia, dada, nikamsikia mpaka kwenye kona. Nikaongeza mwendo.

MAMA: Pole. Na yeye alichukuliwa na nani?

Waziri aliweka kikombe chake chini. Cherehani aliliacha gauni mapajani bila kulikunja. Kinyozi aliendelea kumpapasa bata mgongoni, akamwambia yule mama kwamba hajui, hakugeuka nyuma.