Bi Kiganja Anaweka Msasa Chini

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa kumi kamili jioni, Bi Kiganja atatundika aproni yake baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya mitumbwi ya faiba. Aliingia kama mfagizi. Anatoka akiwa mkaguzi mkuu wa umaliziaji, na kwa miaka mingi hakuna mtumbwi uliopita mlangoni kabla yeye hajaupapasa.

Jina hilo la utani alilipata kihalali. Sisi wengine tulimulika tochi ubavuni mwa mtumbwi na kukodoa macho. Yeye aliyafumba yake, akapitisha kiganja ncha hadi ncha, kisha akasimama ghafla. Hapo hapakosi kibonde, mkwaruzo au kiputo cha hewa chini ya rangi. Aliyejaribu kufunika kasoro kwa nta alikumbushwa mbele ya watu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba puti ya kuzibia iko kabatini. Mumewe anaapa kuwa hata meza ya nyumbani hukaguliwa kabla ya chakula.

Lakini kilichonifanya niombe kuandika wasifu huu ni kisa cha mwaka wake wa kumi na tisa kazini. Mpiga rangi nilikuwa mimi. Mitumbwi tisa ya chama cha wapiga kasia ilitoka chumba cha rangi ikiwa na vishimo vidogo vya duara, mahali rangi ilipokataa kushika. Nikasafisha bunduki ya rangi, nikafungua kopo jipya, nikabadilisha chujio la hewa. Vishimo vilevile. Mashindano yalikuwa baada ya siku nane, meneja alikwisha kuchapa barua ya kunifukuza, na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba.

Bi Kiganja aliizunguka mitumbwi ile asubuhi nzima. Akagundua kwamba vishimo vimekaa kwa mistari minne minne, ikifuatana ubavuni. Akaweka vidole vyake juu ya mistari. Vikaenea sawasawa. Wiki ile mkwewe alikuwa amemletea losheni nzuri ya mikono, naye, kama kawaida yake, alikuwa akipapasa kila mtumbwi kabla sijaupiga rangi ya mwisho. Mafuta yake ndiyo yaliyokuwa yakiifukuza rangi yangu.

Angeweza kunyamaza, nani angejua? Badala yake alituita wote, meneja akiwemo, akainua mkono na kutangaza kwamba mkosaji ni huo, na ile barua ichapwe upya kwa jina lake. Kisha akakunja mikono ya ovaroli na kutupanga zamu: kukwangua kwa msasa wa maji, kuosha, kuziba kwa puti, kupiga rangi, kung'arisha. Siku ya saba mwenyekiti wa chama alizunguka akitafuta kosa, akaona sura yake mwenyewe tu. Barua ilichanwa. Mwezi uliofuata meneja alimkabidhi ukaguzi mkuu, akisema anayetaja kasoro yake hataficha ya mwingine. Nililia, wala sioni haya kusema. Binti yangu sasa yuko darasa la sita.

Tangu siku ile Bi Kiganja hajawahi kuja kazini amejipaka kitu mikononi, hata msimu wa baridi ngozi ilipopasuka. Ndiyo maana zawadi yetu haikuhitaji kikao: ni kopo la losheni, kubwa kuliko yote dukani.

Asante, Bi Kiganja. Maisha mema yakusindikize, wewe na mzee wako, na kuanzia Jumatatu jipake hadi viwikoni.