Nani Abakie Nyumbani Siku ya Finali

Ubao wa Mama Kasoki uko Katoyi, kwenye njia inayopanda kwenda kiwanja cha basketi cha paroise, pembeni ya kanisa. Ni ubao mmoja tu, umelazwa juu ya makoro, yale mawe meusi ambayo volkano ilitumwagia Goma bila mtu kuyaagiza. Wakaaji wake ni walewale. Yupo Kasereka muuza vitenge, anaitwa Tablo, maana matokeo ya kila mechi yako kichwani mwake, na ukimbishia anakutajia hadi mvua ya siku hiyo. Yupo Gentil wa pikipiki, wanamwita Danki, jina la wanaoruka hadi ringini, kwa kuwa ni mfupi, hata kamba ya kuanikia nguo anaifikia kwa kuruka. Yupo Mama Kasoki mwenyewe, mwenye birika, anayeamua nani kasema kweli kwa kumwongezea kahawa. Na yupo Papa Cyprien, yaani Papa Shapo, wa kofia nyeupe. Siku ya yenga, Jumapili ile, misa ilikuwa imekwisha, finali ya pleyofu inangojea jua lipoe, na Papa Shapo amekaa pembeni ya ubao, kofia iko juu ya goti. Walikuwa wamemkataza kwenda.

Finali yenyewe ni mechi tatu, mwenye kushinda mbili anabeba kombe. Timu ya mtaa, BC Makoro, ilikutana na Nyota ya Ziwa ya Bukavu, na mechi zote zilipangwa Goma. Ya kwanza Papa Shapo alikuwepo, Makoro wakapigwa. Ya pili, merkredi, yaani Jumatano, hakuwepo, wakashinda. Basi kijiwe kikakaa, kikanywa, kikaona ugonjwa uko wapi. Na mtu mwenyewe ndiye huyu aliyewafuata Makoro tangu utoto, enzi za kuokota mipira. Volkano iliposhuka, wenzake wakikimbia na magodoro, yeye alipanda kwenye mlingoti wa kiwanja cha zamani, akang'oa ringi ya basketi, akakimbia nayo shingoni. Ringi hiyo ndiyo iko mpaka leo upande wa kanisa. Kombe hajaliona hata siku moja.

— Papa Shapo, usitukasirikie, alisema Tablo. Haiko siye. Ni matokeo.

— Sikasirike.

— Kofia iko ku goti, na unasema haukasirike.

— Kichwa inanipiga joto.

Danki alipuliza kahawa yake taratibu, kama mtu mwenye habari nzito.

— Miye nilifikiri sana, hata usingizi sikupata. Muzee haiko mubaya. Ni ile kofia. Jua ikiigonga, inapiga wachezaji wetu ku macho.

— Basi aende bila kofia, alisema Mama Kasoki.

— Hapana, mama. Bila kofia ringi haitamujua.

— Ringi gani tena?

— Ile alibebaka ku shingo. Ile chuma inamujua. Ikimuona inatetemeka ya furaha, mupira yetu inaruka inje.

— Na mupira ya Bukavu, inaingiaka juu ya nini?

— Wale ni wageni. Ringi inawaheshimu.

Mama Kasoki akamwongezea nusu kikombe. Nusu kweli, basi. Papa Shapo aliona nusu ile ikimiminwa, moyo wake ukawaka, maana kulikuwa na jambo alilolificha tangu merkredi, na sasa aliona ndilo litakalomwokoa.

— Merkredi nilikuwako, alisema.

Kikombe cha Tablo kikasimama njiani kabla ya kufika mdomoni.

— Ulikuwako wapi? Ulitutumia habari ya kama malaria iko nakutetemesha.

— Nilikuwa nyuma ya ukuta wa makoro, ku ile tundu. Nilisimama pale tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwako, na tulishinda. Hesabu yenu imekufa. Ninaenda.

Akaivaa kofia. Kwa muda kidogo alikuwa mtu mwenye raha kuliko wote Katoyi.

— Ngoja kidogo, Tablo alisema. Kwa ile tundu, mutu anaonaka nini?

— Basketi ya upande wa kanisa. Ya upande wa masomo, kule kwa madarasa, haionekane, ukuta inaifunika. Kule nilisikia tu watu.

— Bon. Mbele ya mapumuziko, Makoro walikuwa wanafunga upande gani?

— Wa kanisa.

— Na tulikuwa tunapigwa vibaya. Nyuma ya mapumuziko tukabadilisha, tukafungia upande wa masomo. Ule hauuone. Njo tukashinda. Weye mwenyewe umesema.

Kofia ikarudi kwenye goti. Papa Shapo hakuwa amelifikiria hilo. Alileta ukweli umfungulie mlango, na ukweli umeingia ndani ukafunga kwa komeo. Alijaribu kukumbuka vizuri merkredi ile, basketi gani, kelele gani, lakini kila alivyokumbuka ndivyo Tablo alivyozidi kusema kweli, na jambo hilo likamchanganya kabisa.

— Lakini nyuma ya mapumuziko, Mama Kasoki alisema polepole, Bukavu njo walikuwa wanafungia upande wa kanisa. Muzee alikuwa anawaangalia. Walikosa?

— Walikosa sana, mama.

— Basi jicho ya muzee inaharibu kila basketi anaangalia, ya wetu na ya wale. Aende. Wale wakishambulia, aangalie. Siye tukishambulia, afunge macho.

— Na mupira ikiwa ku katikati? Danki aliuliza.

— Afungue moja.

— Gani?

— Ya upande wa ule mwenye kuwa na mupira.

— Sasa nitajua namna gani ni nani, na nimefunga? Papa Shapo aliuliza. Aliuliza kwa dhati kabisa. Alishaanza kujipanga.

Danki akatikisa kichwa kwa huruma.

— Munatesa muzee bure. Angalieni urefu tu. Ya kwanza alikaa karibu, chini ya ringi, tulipigwa. Ya pili alikaa mbali kidogo, nyuma ya ukuta, tulishinda kidogo. Nimupeleke na pikipiki mpaka Kibati, tutashinda mingi.

— Na akienda mbali zaidi, Rutshuru? Tablo aliuliza.

— Rutshuru tutashinda mpaka watatukatalia kombe.

Kijiwe kikaipima Rutshuru. Papa Shapo alitazama njia inayopanda. Watu walishaanza kupita na vuvuzela na vitambaa vyeusi vya Makoro, na kila aliyepita alimuuliza kwa kidole: huji? Kilichomuuma si kwamba wamemkataza. Kilichomuuma ni kwamba alianza kuwaamini. Kama kweli ni yeye, basi miaka yote ile alikuwa anawapenda Makoro na kuwaharibia kwa jicho lilelile.

Ndipo akatokea msichana mwenye maji ya kunywa mkononi na fulana ya buluu ya Nyota ya Ziwa. Alisalimia vizuri, kama mtu aliyelelewa.

— Jambo yenu, bapapa na mama. Naitwa Joviale. Kiwanja iko njia gani?

— Unatoka Bukavu weye, alisema Mama Kasoki, akamsogezea kikombe. Umekuja peke?

— Na papa yangu. Lakini yeye amebakia kwa shangazi, hapa chini tu. Wenzake wamemukataza kuja. Mechi ya kwanza mashua yetu ilichelewa, hakuiona, tukashinda. Merkredi alikuwako, tukapigwa. Sasa banasema ni yeye.

Tablo alikohoa. Danki alimwonyesha Papa Shapo kwa kidevu, akamweleza msichana habari yote, ukuta, tundu, jicho, hadi Rutshuru. Joviale alisikiliza akinywa, hakumkatiza. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida tu:

— Sasa, kama papa yangu anabakia ku nyumba, na huyu papa naye anabakia ku nyumba, nani atashinda?

Tablo alifungua mdomo akatafuta kichwani, matokeo yote yalikuwemo, hilo halikuwemo. Danki alisema Rutshuru tena, lakini kwa sauti ndogo. Mama Kasoki aliinua birika ili ampe mwenye jibu, akazunguka nalo ubao mzima, akalirudisha chini.

— Papa yako anaitwa nani? aliuliza Papa Shapo.

— Mushagalusa.

— Na pale kwa shangazi anafanya nini?

— Amekaa tu. Amevaa viatu.

Papa Shapo akatazama viatu vyake mwenyewe. Alivifunga kamba asubuhi, akapaka na mafuta, huku akijua haendi popote. Akainuka, ubao ukaruka, kahawa ya Danki ikaishia kwenye suruali.

— Nipeleke kwake, alimwambia Joviale.

— Shapo, na hesabu? Tablo alilia.

— Mubaki nayo.

Kwa shangazi hawakubisha hodi. Joviale alikuwa amempigia baba yake simu njiani, mlango ukafunguka kabla, na mzee mrefu alisimama pale na skafu ya buluu imekunjwa mkononi. Alimtazama binti yake, kisha kofia.

— Njo weye wa Makoro, wanakukataza?

— Njo miye.

— Mechi imeanza?

— Bado.

— Tutembee basi.

Walipanda polepole, maana mlima ule unakata pumzi, na mbele ya ubao wa Mama Kasoki hawakukuta mtu, ni birika tu limefunikwa kitambaa. Kiwanjani palijaa hadi juu ya ukuta. Chini ya ringi ya upande wa kanisa palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, watu wamebanana kushoto na kulia, hakuna aliyepakalia. Pembeni yake Tablo na Danki walikuwa wanaangalia mbele, hawageuzi shingo. Danki alisogea, nafasi ya mtu mmoja ikawa ya wawili.

Mushagalusa alisimama na skafu yake, akaangalia basketi ya huku, akaangalia ya kule.

— Tukae upande gani, mwenzangu? Miye sijui tena niangalie wapi.

Papa Shapo naye hakujua. Alivaa kofia yake.

— Hapa, alisema. Hapa njo ninakaaka.