Mama Taa Alikuwa na Taa

Wasikilizaji wapendwa, leo siji kwenu na ile sauti yangu ya upole. Nimeijaribu tangu asubuhi, imegoma. Chai yangu imepoa hapa mezani, na fundi mitambo ananitazama kupitia kioo kama anangoja nivunje kitu. Sivunji. Nasimulia tu, na mtanisamehe nikipandisha.

Tunamkumbuka mama mmoja, mfuaji wa hospitali. Miaka kumi na tisa alifua mashuka ya wodi. Miaka hiyo kumi na tisa alikwenda kazini kwa baiskeli, akitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, giza bado halijaachia. Kazini walimwita Mama Taa, mtaelewa kwa nini. Wiki saba zilizopita, alfajiri ya mvua, aligongwa kwa nyuma na lori la maji. Alifariki akiwa na miaka hamsini na minne.

Siku ile ile, taarifa yetu ya habari ya saa saba mchana ilisema: "Mwendesha baiskeli asiye na taa amegongwa na lori na kufariki dunia alfajiri ya leo." Asiye na taa. Aliyeisoma ni mimi. Karatasi haikuwa na jina, na mimi sikuuliza jina. Nikasoma, nikaenda kula.

Sasa nianze mwanzo.

Nilimfahamu kwa ugomvi. Mwaka jana nilisema hapa hapa hewani, kwa kujiamini kabisa, kwamba taa ya baiskeli ni taa tu, chukua yoyote. Wimbo haujaisha, simu ikalia.

"We mtangazaji, una baiskeli?"

Nikasema, ninayo mama.

"Na taa yoyote unayo?"

Ninayo.

"Basi kesho wakati wa mapumziko njoo nayo kufulia. Na kinasa sauti chako uje nacho, usije ukasema hukusikia."

Nilikwenda. Chumba kile kina joto, mashine zinanguruma, mvuke mpaka kwenye miwani. Mama mfupi, mikono imara, kitambaa cheupe kichwani. Akaipokea taa yangu, akaigeuza mara moja, akaitumbukiza kwenye beseni la maji. Hakuomba ruhusa! Taa ikapepesa mara mbili, ikafa.

"Mama, umeniulia taa."

"Kwani mvua ingekuomba ruhusa?" Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akaokota taa yake, akaizamisha beseni lile lile, ikawaka humo majini kama haijaambiwa kitu.

Wasikilizaji wapendwa, yule mama alijua taa. Hakusoma popote, alijua kwa kujaribu. Nitawapa maneno yake, maana mara ya kwanza niliwapa nusu.

Alisema: "Usiamini boksi. Boksi limeandika inawaka kwa saa nane. Mimi niliiwasha nikiingia zamu, nikaiweka kwenye rafu ya pasi. Chai ya saa nne haijafika, imezima. Boksi linatia chumvi. Iwashe mwenyewe, ihesabie saa mwenyewe."

Alisema: "Ya mbele uinamishe. Simamisha baiskeli hatua kumi kutoka ukutani. Mwanga ukipanda juu kuliko taa yenyewe, unampofusha anayekuja. Na huyo uliyempofusha ndiye atakayekugonga."

Alisema: "Ya nyuma iwe nyekundu, na itulie. Hizi za kukonyeza-konyeza, dereva anaona kitu kinakonyeza, hajui kiko mbali au kiko puani mwake."

Na alisema hili, mlishike vizuri: "Swichi iwe ya kusukuma mbele na nyuma. Ya kubonyeza inajibonyeza yenyewe kwenye kapu, ukija kuitaka, chaji imekwisha. Ya kusukuma ukiiacha kwenye kuwaka, inabaki kwenye kuwaka."

Nilirekodi dakika kumi na mbili. Zilizotoka hewani ni tano. Salamu zilikuwa nyingi siku ile, bosi akasema taa haziwezi kula kipindi kizima. Nikakata dakika saba kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa tuje kwenye koti.

Mama Taa alikuwa na mtoto mmoja, binti, msusi. Wiki mbili kabla ya ajali, binti alimnunulia mama yake koti la mvua. La kahawia, zito, refu. Binti ananiambia: "Mama alilivaa pale saluni, akajizungusha mbele ya kioo. Akasema, mwanangu, hili koti linafika mpaka kwa jirani. Lakini hakulivua. Aliondoka nalo hivyo hivyo, na jua lote lile."

Alfajiri ya ajali alikuwa amelivaa. Lori lilipomgonga, wakamkimbiza hospitali, hospitali ile ile anayoifulia. Hakufika mzima. Wauguzi wakalivua koti likiwa limelowa chapachapa, wakaliviringisha mgongo ukawa ndani, wakalitia kwenye mfuko pamoja na viatu. Wakamfunika shuka. Mimi nafikiri sana kuhusu lile shuka, nani alilifua.

Kule barabarani, askari aliyepima ajali akaikagua baiskeli. Taa ya mbele vipande vipande. Chini ya kiti, pale taa ya nyuma inapokaa, kishikizo kitupu. Akaandika: haina taa ya nyuma. Dereva wa lori akasema: "Sikumwona. Ametokea tu gizani." Maelezo mawili yakakutana, yakapendana, faili likafungwa. Mfuko wa nguo hakuna aliyeufungua. Yaani hakuna! Nami saa saba mchana nikawasomea.

Jioni ndipo nilipopigiwa simu kutoka kufulia. Mfuaji mwenzake akasema: "Yule uliyemsoma mchana, ni Mama Taa." Nilikaa kwenye ngazi za studio.

Msibani watu wakageuka wataalamu. "Eti Mama Taa, kumbe mwenyewe hana taa." Wengine wakasema waliisikia redioni kabisa, kwa hiyo ni kweli. Redioni! Na ndugu mmoja, nitamhifadhi jina ingawa hastahili, akamwambia binti mbele za watu: "Koti refu namna ile lazima lilikuwa linagonga taa, ndiyo maana akaitoa. Si ungemnunulia fupi?"

Jamani. Jamani! Mama wa watu hajazikwa.

Na binti akaamini. Hapo ndipo roho yangu inapouma zaidi. Mama yake mdogo, mdogo wake marehemu, anasema: "Alikuwa anafungua saluni, anashika kitana, hasuki. Wateja wanamtazama, wanaondoka. Nikimwambia ale, ananijibu, mama mdogo, mimi ndiye niliyemvua mama taa. Ulikuwa wimbo wake huo, asubuhi na jioni. Nikaona mtoto huyu naye tunampoteza."

Mfuko wa nguo ulirudishwa nyumbani ukakaa chini ya kitanda. Wiki ya tano, mama mdogo akasema inatosha. Dada yake alikuwa mfuaji, hawezi kuacha koti linuke uvundo. Akalipeleka saluni, kwenye beseni la kuoshea nywele, akamwambia binti: "Fua. Nimekaa hapa, sitoki."

Sasa, binti wa mfuaji haloweki nguo kabla ya kuipekua. Kafundishwa tangu mdogo. Akapapasa mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto. Akalikunjua apapase mgongo, mkono ukagonga kitu kigumu.

Ilikuwa taa. Taa ya nyuma, imekaa nje, mgongoni mwa koti, ndani ya kitanzi kilichoshonwa mara mbili mbili kwa uzi mweupe mnene. Ule uzi wa kufulia, wanaoutumia kushonea namba za wodi kwenye mashuka. Mama Taa alikuwa ameihamisha taa kutoka kwenye kiti, akaishona kwenye koti, ili koti lisiifunike.

Taa yenyewe ilikuwa imezima. Binti akaichomeka kwenye chaja, pale karibu na kioo. Alikuwapo mteja mmoja, nusu kichwa kimesukwa, nusu bado. Huyo mteja ndiye aliyepiga kelele. "Dada! Imewaka!"

Swichi hakuna aliyeigusa. Taa ilipata chaji tu, ikawaka yenyewe, nyekundu, imetulia. Kwa sababu swichi ilikuwa ya kusukuma, na tangu alfajiri ile ilikuwa imeachwa kwenye kuwaka. Iliwaka barabarani. Iliwaka ndani ya mfuko, imeviringishwa, mpaka chaji ikaisha.

Binti alinipigia saa ile ile. Alikuwa analia, simwelewi. Alichorudia ni neno moja: "Ilikuwa inawaka. Ilikuwa inawaka."

Nikaenda kutafuta zile dakika saba nilizozikata. Nikazipata. Mnajua alisema nini? Alisema: "Taa haifungwi mahali nguo inapoifunika. Mvua ikija ukavaa koti refu, taa ihame, uishone mgongoni. Kwani anayefunika taa ni baiskeli? Ni wewe na koti lako." Ningeyarusha hewani maneno yale, huenda mtu mmoja, mmoja tu, angesema: hebu litazameni koti. Mimi nilipeleka salamu.

Tulikwenda na koti kwa wenye faili. Mara ya kwanza, anayehusika hayupo. Mara ya pili, andikeni barua. Mara ya tatu, barua tumeshika mkononi, kijana wa mezani akamtazama binti, akamuuliza: "Sasa dada, kwani taa itamfufua?" Binti alimjibu mwenyewe. Alisema, "Haitamfufua. Lakini itaniacha nilale." Faili mpaka leo limefungwa.

Kwa hiyo akaniomba mimi. Alisema: "Kaka, wewe ndiye uliyesoma. Soma tena. Saa ile ile, sauti ile ile."

Kwa binti, kwa mama mdogo, kwa wafuaji wenzake mnaosikiliza huku mashine zinanguruma: poleni sana. Tumewakosea, na mimi nimewakosea zaidi. Kwako wa baiskeli: leo, kabla hujatoka, vaa koti lako, mwambie mtu asimame nyuma yako, umuulize kama anaiona taa. Kwako wa gari, sikukosei heshima, lakini nakuuliza: wangapi umepishana nao leo alfajiri? Unaweza kuniambia hata mmoja alivaa nini?

Sasa ni saa saba kamili mchana. Hii ni taarifa ya habari.

Mwendesha baiskeli mwenye taa ya nyuma, nyekundu, inayowaka, aligongwa na lori na kufariki dunia wiki saba zilizopita. Alikuwa mfuaji wa hospitali, mwenye umri wa miaka hamsini na minne. Dereva alisema hakumwona. Marehemu ameacha mdogo wake mmoja na binti mmoja. Koti alilovaa lilikuwa zawadi ya binti yake, na taa ilikuwa juu ya koti.