Bomba Lililovunjika Mikononi mwa Emilian

Sogeeni, wanangu, mkae mahali ninapoweza kuwaona bila kugeuza shingo, maana shingo nayo imeanza kunigomea. Pancras, wewe ndiye mkubwa, kaa hapa kichwani. Melania, mama, shika kalamu uandike kama ninavyosema, usininyooshee maneno. Na wewe Emilian, ondoka hapo mlangoni, sikio lako la kushoto lilibaki vitani na haya ya leo nataka yaingie kwenye lile zima. Mimi Bonaventura, baba yenu, akili yangu ni timamu, na nguvu iliyobaki mwilini naona inatosha maneno tu, basi tusiipoteze.

Kuhusu kibanja sina mengi. Migomba ya juu ni ya Pancras, ya bondeni pamoja na kahawa ni ya Melania, na asije mtu kuwaambia kwamba binti harithi, kwa sababu nimeshasema na nyote mmesikia. Ule ugomvi wangu na jirani juu ya mpaka wa mikaratusi nimeuacha, mkubalieni ile mistari miwili ya miti, umenichosha bure miaka tisa. Lililonifanya niwaite ni karakana.

Mnajua nilikwenda Dar es Salaam nikiwa kijana, nikafanya kazi ya kuyeyusha alumini katika kiwanda cha sufuria, chini ya fundi Shibuda, Msukuma mmoja wa maneno machache na roho pana. Mwaka sabini na nne, watu walipokuwa wanahamishiwa vijijini, nami nikaamua kurudi nijenge kijiji na wenzangu, Shibuda alinipa zawadi ya kuagana: mita ya mshale isiyohitaji umeme, nyaya zake mbili, na bomba la kijivu lenye urefu wa mkono wa mtu mzima, lililozibwa upande mmoja. Nyaya zinakaa ndani ya bomba, bomba linazama ndani ya alumini iliyoyeyuka, na mshale unakuonyesha joto. Alumini ikiwa baridi haijazi kalibu, ikizidi moto inameza hewa, sufuria inatoka na vitundu, na mchuzi wa maharage unaishia mafigani. Bomba la chuma lingeliwa na alumini siku chache tu. Hili halikuliwa, wala alumini haikuligandia, ulilitoa likiwa safi.

Mama yenu Nyirabahizi, aliyefinyanga vyungu tangu usichana wake, aliligeuzageuza akauliza swali moja tu: limepungua kiasi gani motoni? Maana yeye kila chungu alikifinyanga kikubwa kidogo, akijua moto utachukua chake. Nikamwambia hili halikupungua. Akacheka, akasema, mume wangu, huko Dar es Salaam wamekudanganya. Nikamweleza kama Shibuda alivyonieleza mimi, kwamba wanachukua unga wa kijivu uitwao silikoni, wanausindilia kwenye kalibu, kisha wanauweka siku kadhaa katika tanuru kali lisilo na hewa hii tunayovuta ila naitrojeni peke yake, na ile naitrojeni inaingia katika kila punje na kuungana nayo, hata kitu kinaongezeka uzito lakini urefu na upana wake unabaki ule ule. Ndiyo inaitwa nitridi ya silikoni.  Siku ya tatu yake, mama yenu anamenya ndizi, akasema, "Kwa hiyo hicho moto unakiongezea." Nilimpenda sana siku hiyo, na sikumwambia.

Sasa sikilizeni, kwa sababu kosa linaanzia hapa, na ni kosa langu. Mlimwona mama yenu akigonga vyungu vyake kwa kifundo cha kidole, asikie kama kuna ufa. Nami nikaanza kuligonga bomba, ila mimi nilitaka watu wasikie. Kila asubuhi, watu wakiwa wamesimama karakanani, nililining'iniza nikaligonga kwa koleo la chuma, likalia kama kengele ya Misheni, wakasema Bonaventura ana vitu. Nililitoa motoni nikaliweka kwenye upepo, halikulalamika, basi nikadhani haliogopi chochote. Mama yenu alinionya mara mbili. Alisema chungu unakigonga kwa kidole chako mwenyewe ili kidole ndicho kitangulie kuumia. Nikamwambia hili si chungu.

Vita ilipokuja, mwishoni mwa sabini na nane, tuliagizwa sufuria kubwa arobaini za kuwapikia wanamgambo. Kijiji kizima kilileta alumini, hata bibi mmoja alileta kifuniko akabaki anafunika ugali wake kwa jani la mgomba. Mimi nilikuwa kwenye kalibu, Emilian ndiye aliyeshika bomba. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alilipasha kwanza juu ya tanuru, akalizamisha taratibu, kila kitu kama nilivyomfundisha, na likakatika katikati. Alumini ikazila nyaya, mshale ukalala, tukamimina kwa kubahatisha, na karibu sufuria zote tulizotoa zikavuja. Nikasema mbele ya watu, umeliangusha. Akajibu, sikuliangusha, baba. Nikarudia, naye akajibu yale yale. Siku zile neno hujuma halikuwa mbali na midomo ya watu, na Ndassa, mwenyekiti wetu, akaandika katika daftari la kijiji kwamba Emilian ameharibu chombo cha kazi ya kijiji wakati wa vita. Wiki ile ile Emilian akajiandikisha mgambo, akaenda.

Pancras, usinikatize. Maji kidogo. Basi.

Siku ile ile, kabla jua halijazama, niliviokota vile vipande viwili nikatazama mahali vilipoachana. Nusu ilikuwa kijivu safi, nusu ilikuwa nyeusi kwa masizi. Wanangu, masizi hayaingii ndani ya ufa kwa dakika moja. Ufa ule ulikuwamo miezi mingi, na ulikuwa upande ule ule nilipozoea kugonga kwa koleo. Nilielewa palepale. Nikavifunga kwenye kitambaa, nikaviweka darini, na sikusema. Mtoto alikuwa bado yupo nyumbani, anakunja shuka lake. Alikaa siku nne nzima chini ya paa moja nami, na sikusema. Niliona aibu mbele ya wale walionisifu, hiyo ndiyo sababu, sina nyingine nzuri zaidi. Mama yenu alivikuta vipande akivuta kamba darini, akavitazama, akanitazama. Aliniachia niseme mwenyewe, akafa akingoja.

Mwaka jana Shibuda alinitumia bomba jingine kwa basi la Mwanza. Liko chini ya kitanda hiki, ndani ya majani makavu ya mgomba, na sijaligusa. Najua Pancras umelipigia hesabu, lakini karakana, mita na bomba ni vya Emilian. Usinune, mwanangu, wewe huwezi kuchemsha hata maji ya kuoga bila kuunguza ndoo. Emilian, likaushe vizuri kabla ya kulizamisha, unyevu ukibaki alumini itakurukia usoni. Usilibane kwa chuma. Ukitaka kulisikia, lisikie kwa kifundo cha kidole, tena ukiwa peke yako.

Emilian anasema nini? Melania, niambie, anasema nini? Anasema inatosha, yameisha? Hapana, mwanangu, hayajaisha. Hukushitakiwa chumbani, ulishitakiwa mbele ya watu, na jina lako bado liko mle daftarini. Pancras, nenda kwa Ndassa, mwambie aje sasa hivi na daftari la zamani, sio kesho. Nenda mbio.

Wakati tunangoja, niwaambie na haya: nizikeni karibu na mama yenu, upande wa chini, yeye abaki juu. Matanga yawe siku tatu, msiuze ng'ombe kwa ajili ya pombe ya rubisi ya watu. Melania, wewe ulinibeba mwaka huu wote mgongoni mwako, Mungu akubebe hivyo hivyo. Umeandika? Ndiyo, liandike na hilo.

Ni yeye? Karibu, Ndassa. Kaa. Sina pumzi ya salamu ndefu. Fungua pale… ukurasa ule wa vita. Vipande vile viko hapa chini ya mto, kwenye kitambaa kile, vitazame mwenyewe. Umeona nyeusi? Ufa wa zamani. Sasa kata jina la mtoto. Kata mbele yake, aone. Andika: aliyevunja bomba ni Bonaventura… kwa koleo lake… kwa majivuno yake, na alijua, akanyamaza. Andika alijua. Hilo ndilo kubwa. Soma, nisikie.

Vizuri. Vizuri sana.

Pancras, uwe mkubwa wao kweli, nakubariki. Melania… nimeshakubariki. Emilian, kama moyo wako bado mzito usiniambie umenisamehe kwa sababu ya mgeni huyu. Baraka yangu unayo hata ukikasirika, mikono yako ibarikiwe, na watakaotoka kwako. Lete sikio… lile zima. Siku ile uliponijibu mbele ya watu, mwanangu, mara zote mbili… nilikusikia. Nilikusikia vizuri.