Marais Wamecheka Pamoja

Benchi langu liko mbele ya duka langu la maziwa, hapa Gahanga. Miguu mitatu ni ya mbao, wa nne ni tofali. Mimi sikusoma, lakini masikio ninayo. Asubuhi ile Gratien, dereva wa pikipiki tunayemwita Waifai kwa kuwa anakula mtandao wa majirani, alinionyesha picha kwenye simu: marais wawili wa ukanda wetu, miezi mingi hawasalimiani na mpaka wetu umefungwa, leo wameshikana mikono mkutanoni.

— Mukecuru, bibi yetu, ona! Huyu iko anacheka meno tu, macho hayacheki.

— Macho kazi yake kuona, sha, — akadakia Shallon, fundi cherehani aliyekulia Kampala. Yeye ni Komenti, maana habari hasomi, anasoma yaliyoandikwa chini yake. — Watu wanasema tazama viatu. Kiatu kikielekea mlangoni, mwenyewe anataka kutoroka.

— Ndiyo hiyo, asiyesikia la mkuu huvunjika guu! — akaitikia Gratien.

— Mwingine wa Mwanza anasema mkono huo umetengenezwa na kompyuta. Amehesabu vidole, ni sita.

— Cha sita ni cha mwenzake, Komenti! Si wameshikana?

Nilicheka hadi nikamwaga maziwa. Marehemu mama mkwe alikuwa akisema: mkubwa akikohoa, sisi tunatafuta shuka.

Ndipo akaja Christella, mfua nguo wa nyumba mpya za kule juu. Kitenge cha sherehe, mkononi ndoo ndogo imesuguliwa inang'aa.

— Mama, nijazie. Binti yangu amejifungua kule Kirundo, ng'ambo ya mpaka, leo siku ya kumi na moja, na mzazi hapelekewi mikono mitupu. Jirani ameniambia kwenye simu marais wamecheka pamoja. Nakimbilia basi la Nemba, pale mpakani.

Nikajaza. Akawageukia wale wawili.

— Ninyi mnaosoma, mpaka umefunguliwa?

Gratien akasukuma picha kwa kidole, akasukuma tena. Shallon naye akainama juu ya simu yake.

— Viatu viko, — akasema polepole. — Vidole viko.

— Na mpaka?

— Hakuna aliyeuliza, mama.

— Basi uliza wewe.

Akaandika. Tukangoja. Chini ya swali lake ukatokea moyo mmoja mwekundu, Shallon akaruka. Kumbe ni Gratien aliyeubonyeza, kidole chake bado kiko juu ya simu.

Christella akafunika ndoo, akaifunua, akakaa upande wa tofali.

— Mama, lete vikombe tunywe, — akasema. — Maziwa ya mzazi hayamwagwi.